Kikundi Kidogo cha Vijana Kanisani, Furaha Yake na Michango Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya vikundi vya vijana wanane hadi ishirini katika makanisa madogo ya Kisumu, Vihiga, Kakamega, Bungoma, Busia na Nakuru. Bei zote ni za mfano wa kupigia hesabu; weka bei za soko lenu kabla ya kuamua lolote.

Tuko tisa tu. Kikundi kinaweza kuchangamka kweli?

Kinaweza, na mara nyingi kuliko kile cha watu sitini. Kati ya tisa, mmoja asipofika anaonekana, na mtu anayejua kwamba atakosekana hufika. Kinachoua kikundi kidogo ni kuiga kanisa kubwa la mjini: vyeo saba, kamati tatu na kikao cha kila kamati, na watu ni wale wale tisa. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, pamoja na mlezi mmoja ambaye ni mtu mzima anayeheshimika kanisani. Basi. Kazi zilizobaki zizunguke kila mwezi: kufungua kanisa na kupanga viti, kuchota maji, kuanzisha wimbo, kuwapigia simu waliokosa.

Kijana mgeni apewe kazi siku hiyo hiyo ya kwanza, hata ikiwa ni kugawa vikombe tu. Akikaa benchini wiki tatu akitazama wengine, ya nne hamtamwona.

Mikutano yetu imekuwa ya pesa tu na vijana wanapungua. Turekebishe nini?

Wekeni kikomo: habari za pesa dakika kumi na tano, tena mwishoni, katibu akitazama saa. Mkutano wa saa moja na nusu unaweza kwenda hivi: nyimbo dakika kumi na tano, neno na maombi ishirini na tano, mchezo ishirini, pesa kumi na tano, kisha chai na mazungumzo. Mchezo si wa watoto peke yao. Kuvuta kamba, kati (ule mchezo wa kukwepa mpira), mashindano ya kutaja mistari ya Biblia au voliboli ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, yote hayana gharama.

Kuleni pamoja angalau mara moja kwa mwezi. Sufuria moja ya viazi vitamu au nduma, na chai ya rangi, inatosha watu kumi na wawili kwa chini ya shilingi 400. Pia kila mwezi tembeleeni nyumba moja ya mzee au mgonjwa wa kanisa: mjaze mitungi yake ya maji, mpasue kuni, mfagie ua, muimbe nyimbo mbili, mwondoke kabla hajachoka. Hapa ndipo tunapowasihi viongozi wasikubali kukata kitu. Vikundi vingi vikibanwa na lengo la pesa huanza kwa kufuta ziara, halafu vinashangaa kwa nini hata wa kuosha magari hawaji. Kijana aliyemchotea nyanya maji wiki iliyopita anajua kikundi ni cha nini, na hahitaji kubembelezwa kushika beseni.

Tuanzie wapi kabla ya kuchangisha hata shilingi moja?

Andikeni kitu kimoja mnachokitaka, bei yake na tarehe yake. “Kuinua kazi ya vijana” si lengo. “Kambi ya siku tatu ya vijana 12 mwezi wa Desemba” ni lengo. Hesabu yake inaweza kuwa hivi: chakula shilingi 200 kwa mtu kwa siku, mara 12, mara siku tatu, ni 7,200. Nauli ya kwenda na kurudi 300 kwa mtu ni 3,600. Jumla 10,800. Ongezeni sehemu ya kumi kwa dharura, 1,080, mpate 11,880, tuseme 12,000.

Sasa geuzeni hesabu. Kama chai ya Jumapili inawaletea faida ya 450, mtahitaji Jumapili 27 kufika 12,000. Hakuna kikundi kinachobaki na moyo kwa wiki 27 za kukaanga mandazi. Gawanyeni: Jumapili nane za chai (3,600), siku mbili za kuosha magari (6,000), mnada mmoja mdogo (2,400). Hapo mmefika, na kila shughuli imeisha ikiwa bado watu wanaipenda.

Chai na mandazi baada ya ibada: vipimo ni vipi?

Unga wa ngano wa kilo 2 unatoa mandazi kama 65 ya gramu 50. Unahitaji sukari gramu 300, siagi ya kupikia gramu 100, hamira ya chembechembe gramu 20, chumvi kijiko kimoja cha chai, iliki ya kusaga vijiko viwili ukipenda, na maji au maziwa ya uvuguvugu kama lita moja. Usimimine yote kwa mara moja. Unga hautofautiani kwa bei tu, hata unywaji wa maji unatofautiana. Kanda dakika kumi hadi donge liwe laini na liache kushika mkono. Kwa joto la Kisumu donge huumuka kwa dakika 45 hadi saa moja. Nakuru, penye baridi zaidi asubuhi, tenga saa moja na nusu, au uweke beseni karibu na jiko. Wanaosahau hili hukaanga donge ambalo halijaumuka, wakapata vipande vigumu vinavyorudi nyumbani na aliyevipika.

Chai lita 10: maziwa lita 5, maji lita 5, majani gramu 50, sukari gramu 600. Inatoa vikombe 40 vya robo lita.

Hesabu ya mfano. Mandazi: unga 170, sukari 50, siagi 50, hamira 40, mafuta yanayotumika (nusu lita) 130, makaa 80. Jumla 520. Mkiuza kwa shilingi 10 kila moja, mapato ni 650 na faida ni 130 tu. Chai: maziwa 300, majani 30, sukari 100, makaa 50. Jumla 480. Mkiuza kikombe 20, mapato ni 800 na faida 320. Kwa hiyo faida imo kwenye chai, na andazi ni la kumvuta mtu hadi kwenye kikombe. Vikundi vinavyohangaika kuongeza mandazi huku chai ikiisha mapema vimegeuza mambo juu chini.

Faida yote hii huyeyuka kwa njia mbili. Ya kwanza ni vijana wenyewe kunywa na kula bila kulipa. Wekeni kikombe kimoja na andazi moja la bure kwa kila anayehudumu, mliandike kwenye gharama, kisha wote walipe. Ya pili ni “nitalipa Jumapili ijayo.” Anayekopesha aandike jina na kiasi papo hapo, na deni la mtu likifika shilingi 100 asiongezwe. Kwa mtu mzima, mlezi ndiye azungumze naye faraghani. Kijana wa miaka kumi na sita asitumwe kumdai mzee.

Kwa nini mandazi yetu yananyonya mafuta?

Mafuta hayajapata moto wa kutosha, au karai limejazwa mpaka joto likashuka. Tumbukiza kipande kidogo cha donge: kikizama na kukaa chini, ngoja; kikipanda mara moja na kutoa povu, anza; kikiwa kahawia kabla hujahesabu hadi kumi, punguza makaa, maana nje yataungua na ndani yabaki mabichi.

Kuosha magari kunahitaji nini, na kunaleta ngapi?

Kwa ndoo na kitambaa, gari dogo hutumia maji kama lita 35. Tangi la lita 1,000 linatosha magari 25 bila wasiwasi. Vijana kumi mjigawe hivi: timu mbili za watu wanne, mmoja wa pesa, mmoja wa kupokea magari na kuandika zamu. Timu moja ikimaliza gari kwa dakika 20, timu mbili zinaosha magari sita kwa saa. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana mnafika 24. Kwa shilingi 150 ni 3,600. Toeni 600 ya sabuni, vitambaa na maji, mnabaki na 3,000. Pikipiki za boda boda ziwekewe bei yake, tuseme 50, na mtu wake, la sivyo zitakwamisha foleni.

Osheni kuanzia paa kushuka chini, magurudumu mwisho, na kitambaa cha magurudumu kisiguse bodi kamwe, kwa sababu mchanga uliokwama kwake hukwaruza rangi. Mwageni maji kwanza kutoa vumbi kabla ya kupitisha sabuni. Gari likae kivulini, kwani sabuni ikikaukia juani huacha madoa meupe. Kabla ya kugusa lolote, mzungukieni gari mwenye gari akiwepo, mwandike mikwaruzo iliyopo. Vitu vya ndani atoe mwenyewe. Msioshee ufukweni wala mtoni. Kisumu imeteseka vya kutosha na sabuni na mafuta ya magari yanayoingia ziwani; chagueni sehemu yenye nyasi au kokoto ndani ya kiwanja cha kanisa. Mkitaka kutoka hadi kando ya barabara, ulizeni kwanza ofisi ya kaunti kuhusu kibali.

Mnada wa mavuno huendeshwaje usiishie kwenye ahadi hewa?

Mnada ndio shughuli yenye kicheko kingi kuliko zote, na ndiyo inayoacha madeni mengi kuliko zote. Wakati mzuri ni baada ya mahindi kuingia: sehemu kama Kisumu na Vihiga ni kuanzia Agosti, Nakuru na nyanda za juu ni kuelekea Novemba na Desemba.

Tangazeni wiki tatu mapema kwamba kila nyumba ilete chochote: mkungu wa ndizi, boga, mayai, gorogoro ya maharagwe, muwa, kuku. Pokeeni Jumamosi jioni, mwandike kila kitu na mtu aliyekileta. Kuku wafungwe miguu kwa kitambaa laini, wakae kivulini na wapewe maji. Kuku aliyezimia juani hana mnunuzi.

Mnadi asiwe mtu mwenye sauti tu, awe anayewajua watu na asiyemwaibisha mtu. Anzeni na vitu vidogo, mayai matatu au fungu la sukuma, ili akina mama wazee na watoto wa Shule ya Jumapili nao washinde. Kuku mkubwa au mbuzi aje katikati, umati ukiwa bado umejaa. Wengi humweka mwisho, na wakati huo nusu ya watu wameshaenda kupika. Ile desturi ya mtu kununua kuku kisha kumrudisha auzwe tena, ipokeeni kwa makofi lakini msiilazimishe.

Kanuni moja isivunjwe: kitu hakiondoki mezani kabla pesa haijaingia. Wawili waandike, kila mmoja kwenye daftari lake: kitu, jina, bei, amelipa au hajalipa. Mwisho wa mnada madaftari yalinganishwe pale pale. Anayetoa ahadi aitoe kwa tarehe, na kitu chake kibaki kanisani hadi tarehe hiyo, ila chakula kinachoharibika kiuzwe kwa anayefuata.

Kadi za mchango bado zina maana?

Zina maana zikiwa chache. Kadi 40 zenye namba, orodha ya nani amechukua namba gani, na tarehe moja ya kurudisha, hata iliyo tupu. Kadi 200 zilizogawanywa ovyo hupotea, na kadi iliyopotea ina sahihi ya kanisa na inaweza kuchangishia mtu mfuko wake. Kadi iandikwe lengo, jumla inayotakiwa na namba rasmi ya kulipia, ili mchangaji asihitaji kumpa kijana pesa taslimu.

Tumwalike mwanasiasa awe mgeni wa heshima?

Ushauri wetu ni hapana. Mwezi wa Julai 2024 Rais wa Kenya alitangaza kuwazuia maafisa wa serikali kushiriki harambee, na Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais kanisani. Lakini hata pasingekuwa na hayo, kikundi cha watu kumi na wawili kikipokea bahasha moja ya 50,000 hujifunza kungoja bahasha nyingine. Karai hupata kutu. Mgeni wa heshima awe mwalimu mstaafu, fundi wa mtaani, au kijana aliyelelewa na kikundi hicho akaenda kufanya kazi mbali.

Pesa za M-Pesa ziingie wapi?

Zisiingie kamwe kwenye laini ya mweka hazina, hata awe mwaminifu namna gani. Mtu akiwa na deni la Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa, pesa yoyote inayoingia kwenye laini hiyo hukatwa deni kwanza, na mchango wa kanisa unakuwa umelipa mkopo wa mtu bila yeye kukusudia. Huo ndio mwanzo wa ugomvi mwingi unaoitwa wizi. Njia bora ni Paybill (namba ya kulipia) ya kanisa, jina la akaunti likiwa VIJANA, na mhasibu wa kanisa awape orodha kila Jumatatu. Kanisa lisipokuwa nayo, ombeni namba ya till, ile ya kupokelea malipo ya mauzo, kwa jina la kanisa. Hamhitaji cheti chenu wenyewe cha usajili mkiwa chini ya kanisa. Usajili chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 ni wa kufikiriwa mkitaka akaunti inayojitegemea.

Siku ya mauzo, anayepokea asiamini ujumbe ulio kwenye simu ya mnunuzi, kwani ujumbe bandia ni mwingi. Angoje ule unaofika kwenye simu ya till. Pesa taslimu zihesabiwe na watu wawili wasiotoka nyumba moja, kabla ya mtu kutoka mlangoni, waandike na kutia sahihi. Zipelekwe benki au kwa wakala Jumatatu. Jioni hiyo katibu aweke kwenye kikundi cha WhatsApp mistari mitatu: mapato, matumizi, salio.

Hesabu imepungua shilingi 700. Tufanye nini?

Msimtaje mtu mbele ya wote. Mwenyekiti, mlezi na mweka hazina wakae siku hiyo hiyo, wapitie daftari, risiti na orodha ya till. Mara nyingi ni chenji iliyotolewa mara mbili, au makaa yaliyonunuliwa bila risiti. Isipoonekana, iandikwe “upungufu 700” na isomwe hivyo. Daftari lenye upungufu ulioandikwa linaaminika kuliko lile lisilo na kosa hata moja.

Kuna vijana wasio na kitu cha kuchanga, nao wanaacha kuja.

Acheni kusoma majina na viasi vya vijana hadharani. Hili tunalisema kwa uzito. Kijana aliyesikia “mia mbili, mia mbili, kumi” na kumi ni yake, atatafuta sababu ya kukosa. Badala yake, mchango uwe kwa vitu na kazi: mzigo wa kuni, mitungi miwili ya maji, saa mbili za kukanda unga, sauti yake kwenye kwaya. Kambini nafasi ya mtu ipatikane kwa kushiriki shughuli, tuseme nne kati ya sita, si kwa kiasi alicholeta.

Faida igawanywe vipi?

Pendekezo letu ni sehemu saba za lengo, mbili za mtaji wa shughuli ijayo, moja ya kutoa kwa mwenye shida. Kikundi kisichobakiza mtaji huomba upya kila mwezi.

Wazee wa kanisa wanataka pesa zote ziingie hazina kuu.

Wana haki ya kuzijua zote, na ni vizuri waombwe kuzilinda. Pelekeni barua moja kabla ya kuanza: lengo, bajeti, tarehe, na ombi kwamba fedha zikae hazina kuu kwa fungu la vijana. Mvutano huja pesa zikishapatikana bila barua.

Bahati nasibu inafaa?

Hapana. Inahitaji leseni, na makanisa mengi huihesabu kamari.

Walio chini ya miaka 18 tuwalindeje?

Mzazi akubali kwa maandishi. Kila shughuli iwe na watu wazima wawili, mwanamke na mwanamume. Hakuna kijana anayepita nyumba kwa nyumba peke yake, wala anayebeba pesa kwenye boda boda, na kila mtu awe kwao kabla ya giza. Kwenye karai la mafuta ya moto asimame mtu mzima.

Muhula ukianza, wa bweni wanaondoka na tunabaki wanne.

Pangeni shughuli nzito likizo za Aprili, Agosti na Novemba hadi Desemba. Wakati wa muhula wanne waliobaki wafanye ziara na chai ya Jumapili moja kwa mwezi. Waandikieni wa bweni barua moja ya karatasi kila muhula, kila mtu mistari miwili. Barua ya kikundi husomwa mara nyingi bwenini.

Tunaweza kwenda matembezi bila pesa nyingi?

Wa Nakuru, pandeni Menengai kwa miguu mapema, mwone bonde la volkeno kutoka ukingoni. Wa Kakamega wana msitu na Jiwe la Machozi la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu. Wa Kisumu wana ufuko wa Dunga na mawe ya Kit Mikayi upande wa barabara ya Bondo. Pale watu huja kusali, basi ingieni kwa adabu. Chakula kipikwe nyumbani, maji lita moja na nusu kwa kila mtu, na ulizeni kiingilio siku chache kabla.

Sisi ni Waadventista, tunasali Jumamosi. Tufanyeje?

Chai ya kuuza na mnada wekeni Jumapili. Sabato baada ya ibada ibaki ya ziara na nyimbo.

Mvua ikinyesha siku ya shughuli?

Upande wa ziwa mvua nyingi hushuka alasiri, kwa hiyo anzeni saa mbili asubuhi na mmalize saa saba. Muwe na turubai moja na kamba, na jiko likae chini ya paa tangu mwanzo. Mvua ikianza magari yakiwa kwenye foleni, rudisheni pesa za ambao hawajaoshewa, mwandike namba zao za simu kwa Jumamosi ijayo, kisha wamiminieni waliobaki ile chai ya mwisho, bure, muimbe mkingoja ipungue.